Nyumba Iliyowekwa Rehani: Kumtafuta Wakili Kabla ya Mnada



Nimetakiwa nizungumze juu ya mtu aliyeweka nyumba yake rehani, akashindwa kulipa, na sasa amepokea barua ya benki inayotaja mnada. Wengi wetu barua ya namna hiyo huifungia kabatini. Wakili hukumbukwa siku tangazo linapobandikwa mlangoni, na hapo kazi yake imeshakuwa ngumu. Kuiomba mahkama isimamishe mnada ni jambo jepesi kuliko kuiomba ivunje mauzo yaliyokwishafanyika, kwani mnunuzi naye atakuja na haki zake.

Basi, wakili ni nani? Hapa kwetu suali hili si dogo. Zanzibar ina Mahkama Kuu yake, na mawakili wake husajiliwa hapa. Wakili aliyesajiliwa Tanzania Bara hapati, kwa usajili huo pekee, ruhusa ya kusimama katika mahkama zetu. Tunao pia mavakili, ambao tangu zamani huwasemea watu katika mahkama za chini. Vakili mzuri ni msaada mkubwa, lakini shauri la rehani laweza kupanda hadi pale asipofika yeye. Muulizeni mapema amesajiliwa kwa daraja gani, na leseni yake ya mwaka huu iko wapi. Mwenye leseni hachukizwi na suali hilo.

Yapo maneno yanayozunguka katika simu, kwamba benki haiwezi kuuza mpaka zipite siku 60 tangu mdaiwa kupewa ilani. Hayo yatokana na Sheria ya Ardhi Namba 4 ya 1999, nayo ni ya Tanzania Bara. Ardhi si jambo la Muungano. Kwetu huangaliwa sheria za Zanzibar, ikiwamo ile Namba 12 ya 1992, pamoja na masharti ya mkataba wenyewe wa rehani. Anayekaa akihesabu siku za Bara anaweza kuipoteza nyumba ya Unguja.

Mji Mkongwe una mambo yake zaidi. Baadhi ya nyumba ni za Serikali, baadhi ni wakfu, na mali ya wakfu kwa asili yake haiuzwi wala haiwekwi rehani. Nyingine ni urithi usiogawiwa. Baba amefariki, hati ingali kwa jina lake, na mtoto mmoja ameitoa nyumba dhamana kwa ajili ya biashara yake, ilhali dada zake hawajatia saini popote. Dada hao wana la kusema mbele ya mahkama, lakini maslahi yao yanagongana na ya kaka yao. Wakili mmoja asiwasimamie wote. Vivyo hivyo, wakili aliyetayarisha karatasi za mkopo mara nyingi ni wa benki, hata kama malipo yake yalikatwa katika fedha zenu.

Mwendeeni na mkataba wa mkopo, hati ya rehani, barua zote na kila stakabadhi. Ataangalia kama deni limehesabiwa sawa, kama ilani ilifika, na kama waliopaswa kuridhia waliridhia. Malipo yake yaandikwe, na ada za mahkama zitajwe mbali. Msitie saini karatasi tupu. Akiwaahidi ushindi, au akiwaambia muache kulipa bila ya kueleza sababu, tafuteni mwengine.

Asiye na uwezo anayo Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2018, na kipo Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar, kilichoanzishwa 1992. Malalamiko juu ya benki hupelekwa kwanza kwa benki yenyewe, kisha Benki Kuu ya Tanzania, inayosimamia mabenki ya huku pia. Lakini msilale kwa kuwa mmelalamika. Tarehe ya mnada iko pale pale.

Iwapo deni ni la kweli na karatasi hazina kasoro, wakili mwaminifu atasema hivyo. Mtumeni basi akazungumze na benki juu ya kupanga upya marejesho, au juu ya nyinyi wenyewe kuiuza nyumba kwa ridhaa yake, kwani bei ya mnadani aghalabu huwa ya chini. Na ikishauzwa, kwa njia yoyote ile, daini hesabu kwa maandishi: kinachobaki baada ya deni na gharama ni chenu.