Pawatila Imefika, Palizi Je?

Msikilizaji, pawatila, lile trekta dogo la mkono, ikiingia kijijini hupokewa kwa shangwe. Kaya iliyolima ekari moja kwa jembe la mkono sasa inalima tatu, nasi tunasema kilimo kimepiga hatua. Tuulizane basi: hizo ekari mbili zilizoongezeka atazipalilia nani?

Katika mashamba yetu mengi ya mpunga, mwenye kushika pawatila ni baba. Kupandikiza na kupalilia ni kwa mama. Mashine humaliza shamba kwa siku moja au mbili. Palizi ni siku nyingi za kuinama, mtoto mgongoni, na nyasi zikichipua tena anarudia. Kwa hiyo mashine ile ile iliyompumzisha baba imemwongezea mama ekari mbili za kuinamia. Gunia likiuzwa, mshika fedha mara nyingi si yeye.

Dawa ipo. Wakulima wa kilimo shadidi, kama wale wa Mkindo wilayani Mvomero, hupandikiza mche mmoja mmoja kwa mistari, sentimita 25 kwa 25, hata kipalizi cha kusukuma kwa mkono kikapita katikati. Hiyo ndiyo teknolojia inayogusa kazi ya mama. Lakini mafunzo yake yakiitishwa saa nne asubuhi, wakati yuko kisimani au jikoni, hatafika. Kisha tutasikia kwamba wanawake ni wagumu kubadilika. Si kweli; wanachokosa ni nafasi sawa. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilikadiria kuwa kama wanawake wangepata pembejeo na huduma sawa na wanaume, mavuno ya mashamba yao yangepanda kwa asilimia 20 hadi 30.

Bwana shamba na bibi shamba, kabla ya kupanga siku ya mafunzo, waulizeni akina mama saa inayowafaa. Halmashauri, mnapotoa mikopo ya zana, kumbukeni kipalizi, si pawatila peke yake. Nawe baba unayenisikiliza, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa na yako juu ya ardhi. Hati ya kimila ya shamba lenu iandikwe majina mawili, ili naye akope anunue zana ya kazi yake. Shamba ni lenu wote. Na mashine ziwe zenu wote.