Mashine ya Watoto Wetu: Tuchangie Ipi?

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya vikundi vya kujisaidia, Balambala)

Mzee mmoja ameniuliza pale mlangoni: "Mwalimu, pesa za kikundi zikanunue mchezo?" Swali ni zuri, nitalijibu.

Wanafunzi wetu wanataka kujenga roboti, yaani mashine ya mota na betri inayofuata amri ilizopewa. Wameleta michoro miwili, na wenyewe hawapatani. Sisi ndio wenye sanduku la pesa, basi lazima tuelewe.

Tuchukue mfano wa mwaka 2017. Mwezi wa Julai vijana wa nchi zaidi ya 150, Kenya ikiwemo, walikutana Washington, Marekani, kwa mashindano ya FIRST Global. Kila nchi ilikuwa imepewa vifaa vya aina moja. Kazi yenyewe ilihusu maji. Mipira ya buluu ilikuwa maji safi, ya rangi ya machungwa ilikuwa uchafu, na ilibidi itenganishwe kwa dakika mbili na nusu tu. Mwishoni roboti ilijivuta juu na kuning'inia, kama mtu anayekimbia mafuriko. Sisi tulioiona Tana ya mwaka 2023 hatuhitaji kuelezwa zaidi hapo.

Roboti tatu za nchi tatu zilikuwa upande mmoja, zikishindana na tatu nyingine. Na wenzako walibadilishwa: uliyesaidiana naye asubuhi, jioni unaweza kumkuta upande wa pili.

Sasa michoro yetu. Wa kwanza una jicho la kutambua rangi na mkanda wa kupandisha mpira. Unafanya kila kitu. Wa pili ni ufagio tu: unakusanya mipira na kuisukuma pamoja, mwenzake achambue.

Tupige hesabu, na hizi ni namba zangu za mfano. Dakika mbili na nusu ni sekunde 150. Mchoro wa kwanza ukitumia sekunde 5 kwa mpira, ni mipira 30. Lakini mkanda ukikwama dakika moja, zimebaki sekunde 90, yaani mipira 18. Ufagio ukichukua mipira 8 kila sekunde 30, ni mipira 40. Ni mingi, ndiyo, lakini imechanganyika. Ukipangwa na wenzako wasioweza kuchambua, umesumbuka bure.

Hapo ndipo vijana wanagombana. Mimi naona wote wamesahau jambo moja, kule kupanda mwishoni. Tuseme kupanda ni alama 20 na mpira ni alama moja. Ukiacha mipira sekunde 20 kabla ya kengele, umepoteza mipira 4 na kupata 20. Na kifaa chenyewe ni kamba na gurudumu, kama la kuvutia ndoo kisimani. Hata mama aliyeketi pale nyuma anaweza kuwafundisha.

Kwa hiyo nimewaambia: jengeni kwanza gurudumu na kamba, halafu ufagio. Jicho la rangi liwe la mwisho, pesa zikibaki. Tena msinakili roboti ya mtu, maana kazi hubadilika kila mara. Mwaka 2019 kule Dubai ilikuwa usafi wa bahari, na mwaka 2024 kule Athens ilikuwa chakula.

Narudi kwa mzee. Pampu yetu ya shamba ikisimama tunafanyaje? Tunaita fundi kutoka Garissa mjini, tunalipa nauli yake na chakula chake, na mara nyingine anakuta ni waya tu umelegea. Mboga huku zinakauka. Mtoto aliyefunga na kufungua mota mara hamsini ataogopa pampu? Siwaahidi kwamba watashinda mashindano yoyote. Naomba tu tusitoe pesa zote mara moja. Tutoe za mota mbili, betri na kamba, na watuonyeshe mashine ikijiinua yenyewe hapa uwanjani. Ikianguka, tutawauliza kwa nini, na wajibu mbele yetu sote.

Haya, mzee, nimekujibu? Nakuona unatikisa kichwa. Simama useme.