Kabla ya Kuongeza Kidonge Kingine

Msikilizaji wa Thika na Ruiru, ni rahisi kudhani kwamba dawa za sonona zinazozuia kimeng'enya cha monoamini oksidasi hazituhusu: ni za zamani, na mgonjwa wa sonona hapa kwetu kwa kawaida huandikiwa amitriptilini au fluoksetini. Dhana hiyo inamsahau mgonjwa wa TB sugu. Katika matibabu ya miezi 6 yaliyopendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2022 mna linezolidi, antibiotiki ambayo nayo hukizuia kimeng'enya hichohicho, ingawa si kwa nguvu ileile. Udugu huu wa dawa za TB na dawa za sonona ni wa tangu zamani. Mwaka 1952, katika Hospitali ya Sea View jijini New York, wagonjwa wa TB waliopewa iproniazidi walichangamka na kuanza kula vizuri. Kufikia 1957 dawa hiyo ilikuwa ikitibu sonona.

Kimeng'enya hicho huvunja serotonini na noradrenalini. Kikizuiwa, kemikali hizo huongezeka kwenye neva. Ndiyo faida kwa mwenye sonona, na ndiyo hatari dawa nyingine inapoziongeza tena. Anayemeza linezolidi akichanganya na fluoksetini au tramadoli anaweza kutetemeka, kutokwa na jasho jingi, kupanda joto na kuchanganyikiwa. Dawa ya mafua yenye sudoefedrini inaweza kumpandisha presha ghafla. Miraa na muguka pia zisisahaulike, kwa sababu kathinoni iliyomo huzichochea neva kumwaga noradrenalini.

Wapo wanaohofia kwamba maonyo kama haya yatawafanya wagonjwa waache dawa za TB. Hofu yao ina msingi, kwani TB sugu isiyotibiwa huua na huambukiza jamaa. Ila kinachopaswa kusubiri ni kidonge cha kuongeza. Hata mwenye sonona asiache dawa kwa kujiamulia. Fluoksetini hukaa mwilini wiki kadhaa baada ya kuachwa, na wakati mwingine daktari huona heri aendelee nayo chini ya uangalizi wa karibu. Basi kliniki imwandikie mgonjwa jina la linezolidi kwenye kadi atakayotembea nayo, na muuzaji wa dawa, awe Makongeni au Kimbo, amuulize kila anayetaka tramadoli au dawa ya mafua: unameza dawa gani nyingine, na je, unatafuna miraa?