Kazi Ionwe Kabla ya Kuchaguliwa: Vijana wa Arusha kati ya Masomo na Ufundi



Mtihani wa kidato cha nne hufanyika Novemba. Matokeo hutoka mwanzoni mwa mwaka, Ofisi ya Rais, Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa (TAMISEMI), hutangaza waliopangiwa kidato cha tano na vyuo vya kati miezi kadhaa baadaye, na kidato cha tano huanza Julai. Kijana hukaa zaidi ya nusu mwaka akingoja kuambiwa aende wapi. Wenye uwezo hupelekwa tuisheni, wengine hukaa nyumbani. Hoja yangu leo ni moja: miezi hiyo itumike kumwonyesha kijana kazi zenyewe zinavyofanywa, maana ni vigumu mno kuchagua vizuri kazi ambayo hujawahi kuiona.

1. Lawama ya tangu 1967

Februari 1967 mji huu ulilipa taifa Azimio la Arusha. Mwezi uliofuata Mwalimu Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea, akilaumu shule inayowaandaa wachache kupanda madarasa huku walio wengi wakiachwa wajione wameshindwa. Lawama ile bado inatuhusu. Mtoto akipata daraja la kwanza, mtaa mzima unauliza kama atachukua PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati) au PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia). Mwingine akipata la nne, tunasema, “Basi, aende VETA,” yaani akasomee ufundi stadi. Kauli hiyo inawaumiza wote wawili. Aliyefaulu anaukimbia ufundi hata kama moyo wake uko huko, na mwenzake anaingia karakana kama anayetumikia adhabu. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, imeweka mkondo wa amali, yaani wa stadi za kazi, katika sekondari sambamba na mkondo wa jumla. Naiunga mkono kwa dhati. Lakini maneno yanayosemwa sebuleni kwetu hayabadilishwi na sera. Tutayabadilisha sisi wenyewe.

2. Gari moja, ujuzi wa ngazi tatu

Nendeni kwenye gereji zinazotengeneza magari ya utalii hapa mjini. Mtakuta Land Cruiser imekatwa, chesisi imeongezwa kipande ili ipatikane safu nyingine ya viti, na paa limefanywa la kunyanyuka ili wageni wasimame kutazama wanyama. Mtazameni anayechomelea kiungo cha chesisi. Akiharakisha mkono, chuma hakishikani kwa ndani. Akichelewa, anakitoboa au joto linakipinda. Yuko pia anayepima kwa futi kutoka kona hadi kona, kwa kukingamisha: vipimo viwili visipolingana, chesisi imekaa upande na gari halitanyooka barabarani. Na kabla msumeno haujagusa chuma, lazima awepo wa kukokotoa ekseli ya nyuma na springi zitabeba uzito gani. Hapo kuna fundi mchundo, fundi sanifu na mhandisi. Wahandisi wetu hutaja mara kwa mara kwamba mhandisi mmoja anahitaji mafundi sanifu 5 na mafundi mchundo 25. Nchi inayomtaka kila mtoto awe yule mmoja inawaacha wahandisi wake bila mikono.

Maji yetu yanafundisha jambo hilohilo. Miamba ya volkano ya Mlima Meru huyatia floridi, na Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Vipo vyanzo vya Arumeru vinavyopita kiwango hicho kwa mbali; meno ya kahawia ya watoto wetu ni ushahidi. Katika kituo cha utafiti cha Ngurdoto, mkaa wa mifupa umetumika kuipunguza floridi hiyo. Mifupa isipoungua vya kutosha, maji hutoa harufu. Ikiungua kupita kiasi, uwezo wa kunasa floridi hupungua. Mwaka 2015 Dkt. Askwar Hilonga, wa Taasisi ya Nelson Mandela pale Tengeru, alishinda Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Kihandisi kwa chujio lake la maji. Ni fahari yetu. Lakini chujio lolote, hata la msomi mkubwa, litadumu kijijini ikiwa yupo wa kupima maji, kubadilisha kichujio na kuziba bomba linalovuja.

3. Ngazi bado ziko wazi

Wazazi wengi huogopa kwamba anayekwenda ufundi amefungiwa mlango. Haujafungwa. Anayeanza VETA hupanda ngazi ya I hadi ya III, na kutoka hapo anaweza kuomba chuo cha kati. Chuo cha Ufundi Arusha, kilichoanzishwa 1978 kwa msaada wa Ujerumani, hupokea waliomaliza kidato cha nne, na mwenye stashahada nzuri huomba shahada. Tangu mwaka wa masomo 2023/24 Bodi ya Mikopo imeanza kuwakopesha pia wanafunzi wa stashahada katika fani za kipaumbele.

Tupime kwa haki. Kwa anayelenga udaktari au utafiti, kidato cha tano na sita ndiyo njia fupi. Katika uhandisi, miaka 2 ya sekondari ya juu na 4 ya chuo kikuu ni michache kuliko miaka 3 ya stashahada ikifuatiwa na shahada. Ila ada ikikatika njiani, mwenye stashahada ana kazi mkononi, ilhali wa kidato cha sita ana cheti cha kuombea masomo mengine. Familia izungumze hilo waziwazi, mtoto akiwepo.

Na binti asiondolewe kwenye mazungumzo hayo. Anayependa umeme au kuchomelea apewe miwani, glavu na mwalimu, kama kaka yake.

4. Ombi langu

Wakuu wa shule, kabla ya fomu za machaguo kujazwa, wapelekeni wanafunzi karakana, maabara na mashamba ya utafiti ya Tengeru. Wenye gereji na viwanda, wapokeeni wahitimu wachache kwa wiki chache, chini ya msimamizi, na muwaache waulize. Wazazi, ulizeni mtoto anataka kujua kufanya nini, kabla ya kuuliza alama zake zinamfikisha wapi.

Nanyi vijana, mtafuteni mtu anayeifanya kazi mnayoitamani, mkae naye kutwa nzima, mumwone akikosea na akirekebisha. Mkirudi bado mnaitaka, jazeni fomu bila woga, iwe ya kidato cha tano, ya chuo cha kati au ya VETA.