Mizabibu Chini ya Mlima wa Eliya



Katika Injili ya Yohane, sura ya 15, Bwana wetu anajifananisha na mzabibu, nasi anatufananisha na matawi yake. Wengi wetu tumelisikia neno hilo tangu utotoni, ingawa pengine hatujapata kuuona mzabibu shambani. Twende basi kwa mawazo hadi Pyrgos, kijiji kidogo cha wakulima wa zabibu katika kisiwa cha Santorini, nchini Ugiriki.

Kisiwa hicho ni mabaki ya volkano. Udongo wake ni majivu na mawe mepesi, mvua ni haba, na upepo wa bahari huvuma kwa ukali. Mzabibu ukiachwa usimame, upepo huujeruhi. Kwa hiyo mkulima huyasuka matawi yangali machanga, akiyazungusha karibu na ardhi mwaka baada ya mwaka, hata yakawa mfano wa kikapu, ambacho wenyeji hukiita kulura. Zabibu huiva ndani yake, zikiwa zimekingwa na upepo na jua kali, na ukungu wa bahari huupatia mmea unyevu. Kikapu kikichakaa baada ya miaka mingi, hukatwa, na shina la kale huchipua upya kutoka mizizini. Katika karne ya 19, mdudu aitwaye filoksera alipoangamiza mizabibu ya Ulaya, ile ya Santorini ilisalimika, kwa kuwa udongo ule haumfai mdudu huyo.

Ndugu wapendwa, sisi hupenda kuinuliwa ili tuonekane. Tukiinamishwa, twadhani tumetupwa. Mkulima wa Pyrgos hauinamishi mzabibu wake kwa kuuchukia. Auinamisha ili uzae.

Juu ya kijiji hicho, katika mlima mrefu kuliko yote kisiwani, ipo monasteri iliyoanzishwa mwaka 1711 kwa jina la Nabii Eliya. Ndiye aliyetumwa kumkemea mfalme Ahabu kwa ajili ya shamba la mizabibu la Nabothi, kama tusomavyo katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 21. Nabothi alikataa kuuza urithi wa baba zake, akauawa kwa hila.

Leo wakulima wa Santorini hawatishwi na mfalme. Wanaletewa fedha. Watalii ni wengi, bei ya ardhi imepanda, na mashamba yanageuzwa kuwa hoteli. Tusiwahukumu wanaouza, maana kazi ile ni ya mikono, mavuno ni machache, na vijana wanatafuta riziki. Lakini shina lililolelewa na vizazi vingi likishang'olewa, fedha haziwezi kulirudisha.

Nasi tujiulize: tumekabidhiwa urithi gani? Shamba la ukoo, lugha ya nyumbani, sala ya jioni pamoja na watoto, vyote hivyo vina wanunuzi wake. Kabla hatujatia sahihi, wazee na vijana tuketi pamoja tuulizane: watakaokuja baada yetu watachipua kutoka shina gani?

Ee Bwana, uliye mzabibu wa kweli, utujalie kukaa ndani yako wakati wa upepo, na kuutunza urithi uliotukabidhi. Amina.