Kuziba Mianya Kabla ya Kutafuta Faida: Fedha na Bima za Familia Inayokaribia Kustaafu

Mada iliyotolewa mbele ya wananchi, Mwanza

Nimepewa jukumu la kuzungumza juu ya familia iliyopatwa na msukosuko wa fedha wakati mtafutaji wake mkuu amebakiza miaka michache kustaafu. Kijana wa miaka 30 akipoteza akiba yake anao muda wa kuichuma tena. Mtu wa miaka 57 hana muda huo. Pigo la pili likimkuta hana kinga, linaweza kuondoka na mafao yake. Kwa hiyo rai yangu ni moja: tuzibe mianya kwanza, ndipo tutafute faida.

Tuchukue mfano wa kubuni. Baba ni mtumishi wa halmashauri, anaishi Ilemela. Mama anauza dagaa soko la Mwaloni, Kirumba. Maradhi ya mwaka mzima yamemaliza akiba, ada ya bima ya maisha haikulipwa, bima ya pikipiki ya kijana wao imekwisha, na mkopo umechukuliwa mtaani. Sasa mafao yanakaribia. Ndugu mmoja anashauri wanunue mtumbwi na injini. Mwingine anashauri vyumba vya kupangisha. Waanzie wapi?

Kwanza, deni. Mkopo wa shilingi 1,000,000 kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi unadai riba ya shilingi 200,000 kila mwezi. Baada ya miezi 6 familia imelipa 1,200,000 na deni lenyewe bado limesimama. Hakuna biashara ya dagaa inayoweza kustahimili hali hiyo. Mikopo hii, maarufu kama "kausha damu", ilipwe kabla ya jambo lingine lolote. Mkopeshaji halali ana leseni chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, mwombeni awaonyeshe. Wala msimkabidhi mtu yeyote kadi ya benki na namba ya siri kuwa dhamana.

Kwa mkopo wa benki, ulizeni kama una bima ya mkopo. Bima hiyo hulipa salio la deni endapo mkopaji atafariki dunia au, kwa mikataba mingi, akipata ulemavu wa kudumu. Mwenzi wako ajue kwamba ipo na hati zake zimewekwa wapi, asije akalipa deni ambalo bima ingelilipa.

Pili, afya. Maradhi ndiyo yaliyoiangusha familia hii, na umri hauyapunguzi. Mtumishi aliye mwanachama wa NHIF aulize mapema, akiwa bado kazini, masharti ya kuendelea kupata huduma yeye na mwenzi wake baada ya kustaafu. Aliyejiajiri naye aulize utaratibu unaomhusu chini ya Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023.

Tatu, bima ya maisha. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Kabla ya kununua bima mpya, nendeni kwa kampuni ya zamani mkaulize mambo matatu: je, bima inaweza kuhuishwa, je, inaweza kubaki kwa kinga pungufu bila ada zaidi, na je, ina thamani ya fedha ikivunjwa? Bima mpya katika umri wa miaka 57 huwa na ada kubwa, na huenda ikahitaji vipimo vya daktari. Mkijaza fomu, elezeni maradhi yote. Ugonjwa uliofichwa leo unaweza kuwa sababu ya dai kukataliwa kesho, wakati aliyejaza fomu hayupo tena kujieleza. Hakikisheni pia jina la mnufaika ni sahihi.

Nne, pikipiki. Hata bima ndogo ni lazima kisheria. Kijana akimgonga mtu bila bima, fidia itatafutwa mfukoni mwa familia. Kumbukeni kwamba bila ada kulipwa hakuna bima. Dai stakabadhi, kisha hakiki bima yako katika mfumo wa TIRA MIS.

Tano, michango. Umri wa kustaafu kwa hiari ni miaka 55, na kwa lazima ni miaka 60. Lakini pensheni ya kila mwezi ya PSSSF au NSSF inahitaji michango ya miezi isiyopungua 180. Kagua taarifa yako sasa, mwajiri akiwa bado anaweza kurekebisha kasoro. Mama wa Mwaloni naye anaweza kujiunga na NSSF kama mwanachama aliyejiajiri, ila ajue mapema umri wake unamruhusu kufikia haki ipi.

Baada ya hayo, kitakachobaki ndicho mtaji. Mtumbwi ukinunuliwa, ulizeni bima yake kabla haujashuka majini.

Mkiwa na mgogoro na kampuni ya bima, wasilisheni malalamiko kwake kwa maandishi na mbaki na nakala. Msiporidhika, ofisi ya TIRA Kanda ya Ziwa ipo hapa Mwanza, na yupo Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

Leo jioni, kaeni na wenzi wenu, mtoe hati zote zilizomo kabatini na kuandika ipi ingali hai na ipi imekufa. Kazi huanzia hapo.