Tuliyoyaona Ujiji, na Parseli ya Kando ya Ziwa

Maneno ya timu ya uwanjani mbele ya mkutano mkuu wa wanachama, Kalemie

Komite imetuomba vitu viwili: tueleze safari ya Ujiji na Kigoma, halafu tuseme wazi tunafikiri nini juu ya ile parseli ya kando ya ziwa mtakayoipigia kura. Tutavisema pamoja, maana kwetu vimekuwa jambo moja.

Tulikwenda watu 9, wanachama 7 na sisi wawili wa kazi ya uwanjani. Lengo lilikuwa biashara. Tulitaka kuona bei ya chumvi ya Uvinza, sabuni na simenti, na kutafuta mtu wa kupokea mawese yetu upande wa pili. Bei zote ziko kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni, hatutazisoma hapa.

Wengi mlio humu ndani mliishi mkoa wa Kigoma miaka mingi, Lugufu mpaka ilipofungwa mwaka 2009, au Nyarugusu. Lakini kuishi Kigoma kama mkimbizi si kuijua Kigoma. Bila kibali hukuruhusiwa kutoka zaidi ya kilomita 4 mbali na kambi. Kati ya wale wanachama 7, watano walikuwa wa kambini, na mmoja tu ndiye aliyewahi kupita Ujiji, tena usiku, ndani ya lori. Mama mmoja alituambia kwenye boti: «Miye nilikala Lugufu miaka munane. Ujiji niliisikia tu kwa redio.» Safari hii alikwenda kama mtu mwenye pasi mkononi, akauliza bei, akabishana, akanywa chai na kulipa mwenyewe. Hilo peke yake lilitosha nauli.

Kutoka hapa mpaka Kigoma, kwa mstari ulionyooka, ni kama kilomita 125. Tuliondoka jioni, tukafika asubuhi. Kutoka Kigoma kwenda Ujiji ni kilomita chache tu kwa gari.

Ukifika Ujiji unaona mji wa nyumba za chini, za udongo na matofali, misikiti, miembe mikubwa, na vijana wanaouza samaki. Mtu asiyejua atapita asione kitu. Kumbe huu ndio ulikuwa mji mkubwa wa ziwa lote. Burton na Speke walipofika mwaka 1858 waliukuta ni soko la pembe za ndovu, chumvi, mawese na watu. Ndiyo, watu. Hatutaki kulipamba hili. Wale waliokamatwa upande wetu, Maniema na huku kwetu, walivushwa ziwa kwa mitumbwi, wengi kutoka Mtowa, hapo kaskazini ya mji wetu, wakashushwa Ujiji, kisha wakatembezwa kwa miguu kupitia Tabora mpaka Bagamoyo. Ni zaidi ya kilomita 1,000. Tulionyeshwa miembe iliyopandwa kwenye njia hiyo. Kivuli chake ni kizuri sana, na hakuna aliyetaka kukaa pale muda mrefu.

Wageni wengi huenda Ujiji kwa ajili ya Livingstone na Stanley, waliokutana pale mwaka 1871. Kuna mnara, kuna jumba la makumbusho, kuna sanamu zao wawili. Sisi tulilipa kiingilio, tukasikiliza, sawa. Lakini kuna jambo ambalo mtu wa Kongo analisikia tofauti. Livingstone alikuwa ametoka Nyangwe, kwenye Lualaba, ambako mwezi Julai mwaka huo huo aliona watu wakiuawa sokoni kwa bunduki, wengi wao wanawake waliokuja kuuza vitu vyao. Alirudi Ujiji amechoka na mgonjwa, na mali yake ilikuwa imekwisha kuuzwa. Kwa hiyo hadithi ile ya kupeana mikono chini ya mwembe ina mkia wake huku kwetu.

Nje ya makumbusho mzee mmoja alituuliza tumetoka wapi. Tukasema Kalemie. Akasema: «Basi mmekuja kwa wajomba zenu.» Sehemu kubwa ya watu wa Ujiji ni Wamanyema, na babu zao walitoka Kongo. Wengine waliletwa kwa kamba, wengine walikuja kama wapagazi, askari na wafanyabiashara wa misafara. Wakabaki, wakazaa, wakajenga. Hata Kiswahili tunachosema hapa kilivuka ziwa na misafara ile ile. Yule mzee alisema dagaa, sisi tunasema ndagala, tukabishana kidogo kwa kicheko, kisha akatuletea kiti. Tunalisema hili kwa sababu baadhi yenu, tangu mrudi, mnaitwa «watanzania» kwenye mitaa yenu, kama vile ni tusi. Watu wamevuka ziwa hili kwenda na kurudi tangu zamani sana, kabla mpaka haujachorwa.

Sasa tufike kwenye maji.

Tulimwambia yule mzee: tuonyeshe bandari ya zamani. Akacheka. Akatuonyesha mashamba na nyumba, akasema hapo palikuwa maji. Kutoka kwenye mnara mpaka ufukwe wa leo unateremka kwa miguu, unapita watu waliolima, unapita mbuzi, ndipo unafika kwenye mitumbwi. Mmoja wetu akauliza nani aliyaondoa maji. Mzee akanyoosha kidole magharibi, kuelekea kwetu, akasema: «Lukuga yenu.»

Tulidhani anatania. Tuliporudi tulitafuta, na mzee alisema kweli. Ziwa Tanganyika lina mlango mmoja tu wa kutokea maji, nao ni Lukuga yetu hapa Kalemie, inayokwenda kuingia Lualaba karibu na Kabalo. Zamani zile mlango huo ulikuwa umezibwa na mchanga, matope na matete. Cameron alipofika hapa mwaka 1874 alionyeshwa Lukuga, lakini maji yalikuwa hayana nguvu, majani yamejaa. Stanley alipita mwaka 1876, naye hakuona mto unaotoka kweli kweli. Wakati huo ziwa lilikuwa likipanda, linakula fukwe. Halafu mwaka 1878 kizuizi kikavunjika. Thomson alipofika mwishoni mwa mwaka 1879 alikuta mto mkali unaokimbia. Katika miaka kama 15 ziwa lilishuka karibu mita 10.

Mita 10, bandugu. Mahali ambapo ufukwe unalala taratibu kama Ujiji, mita 10 za kwenda chini ni safari ndefu ya kwenda mbele. Maji yakaondoka, magati yakabaki shambani.

Wenye kwenda kanisani mnajua Efeso, mji ambao Paulo aliwaandikia barua. Ulikuwa bandari kubwa ya upande wa Mediterania, wenye meli, mafundi na wafua fedha. Mto wake ulileta matope miaka kwa miaka mpaka bandari ikajaa. Leo magofu ya Efeso yako Uturuki, na bahari iko kilomita kadhaa mbali nayo. Kule matope yaliijaza bandari, hapa matope yalitoka mlangoni na maji yakakimbia. Kwa mtu aliyekuwa na depo gatini, ni hasara ile ile.

Ujiji haukufa. Bado kuna watu wengi, na mitumbwi bado inashusha mzigo. Lakini Wajerumani walipoleta reli, ilifika Kigoma mwaka 1914, si Ujiji, kwa sababu ghuba ya Kigoma ina kina kirefu karibu na nchi kavu. Mwaka uliofuata reli ya Wabelgiji ikafika hapa kwetu kutoka Kabalo. Biashara ikahamia huko kwenye reli na kina. Meli kubwa ya Wajerumani, Graf von Götzen, iliungwa Kigoma, ikaelea mwaka 1915, ikazamishwa na wenyewe mwaka 1916, ikaopolewa, na tangu 1927 inaitwa Liemba. Wazee wengine humu wanaijua vizuri zaidi yetu, maana mwaka 1997 ndiyo iliyorudisha wakimbizi kutoka Kigoma kwenda Uvira, zaidi ya watu 75,000 kwa safari 22. Tuliiona kwa mbali. Mama wetu mmoja aliitazama, hakusema neno mpaka tukapita.

Basi, parseli.

Parseli inayouzwa iko ufukweni kabisa, chini ya barabara. Bei ni nzuri. Komite imeipenda, na tunaelewa kwa nini. Bamama wa ndagala wamesema maneno yenye uzito: samaki hushushwa pale pale, na depo ikiwa juu, kila gunia litalipiwa mbebaji au baiskeli, na faida ya gunia ni ndogo. Hilo ni kweli, tumelihesabu nao. Pia tuseme bila kuzunguka kwamba depo ya ufukweni inatoka vizuri kwenye picha, na picha zinapendwa na ripoti zetu.

Lakini mnakumbuka mwaka 2024. Maji yaliingia kwenye nyumba na maduka ya kando ya ziwa hapa Kalemie, na wengine wenu mlilala kwa ndugu miezi. Mwaka 2021 yalikuwa yamepanda vile vile. Wazee wanasimulia yale ya mwanzo wa miaka ya 60, baada ya mvua kubwa, ziwa lilipopanda mpaka 1964. Kwenye parseli hii, ukuta wa jirani una mstari wa maji unaopita goti la mtu mzima. Muuzaji ameupaka chokaa, lakini ukisimama pembeni jua likiwa chini unauona.

Ziwa hili linapanda na kushuka kufuatana na mvua na kufuatana na hali ya Lukuga. Likishuka, upande wa Kigoma wanalalamika kwamba Lukuga inamwaga mno. Likipanda, sisi tunasema Lukuga imejaa matope, haitoi. Serikali mbili zimekwisha kuzungumza juu ya mlango huo. Labda kazi itafanyika. Sisi hatuwezi kujenga depo ya wanachama juu ya «labda».

Tena kuna jambo la watu waliorudi. Mwenye mali nyingi akipoteza depo moja, anajenga nyingine. Ninyi mlifika na sahani, blanketi na watoto. Michango ya miezi mingi iko ndani ya sanduku hili, na ya wafadhili juu yake. Mmoja wenu alituuliza kwenye boti ya kurudi: «Nitakimbia mara ngapi?» Alikuwa akisema juu ya vita. Tumeliandika swali lake kwa sababu linahusu maji pia.

Maoni yetu ni haya. Depo ijengwe juu, kwenye ile parseli ya pili, upande wa juu wa barabara, ingawa ni ghali zaidi na iko mbali zaidi. Kule ufukweni tukodi tu mahali pa kibanda cha nguzo na mabati, cha kushusha, kupima na kuanika, kitu ambacho vijana wanaweza kukifungua na kukihamisha kwa siku moja maji yakija. Fedha za ubebaji ziingizwe kwenye bajeti mwaka wa kwanza, zisiachwe mgongoni mwa bamama. Wafadhili, hapa tunasema nanyi: mstari ulioandikwa «jengo» tunaomba ukatwe, sehemu iende kwenye mstari wa «usafiri». Tunajua kubadilisha mstari ni barua nyingi. Tutaziandika.

Wanaopinga wana sababu nyingine moja ambayo hatuna jibu zuri kwayo. Parseli ya juu, karatasi zake bado zina jina la baba marehemu wa muuzaji, na ana wadogo zake. Tukikimbilia juu kwa kuogopa maji tukaangukia kesi ya urithi, tutakuwa hatujapata kitu. Kwa hiyo kabla ya kura tunaomba ndugu wote wa familia ile waje hapa, waweke saini mbele ya chefu wa kartye, na karatasi zipite kadastri. Wakikataa kuja, parseli ile nayo tuiache, tutafute ya tatu.

Kuhusu mawese, yule mzee wa Ujiji ana mjukuu mwenye duka karibu na soko. Amekubali kupokea madumu 20 ya kwanza kwa majaribio, alipe yakiisha kuuzwa. Majina ya wanaotaka kuweka madumu yao yaandikwe kwa mweka hazina kabla ya mwisho wa juma.

Na wanaotaka kuuona mstari wa maji kwa macho yao, Jumamosi saa mbili asubuhi tutakuwa kwenye parseli ya chini na kamba ya kupimia. Njooni na viatu vya matope.